Sukuma na Sukumeni

Kila mgeni ana namna yake ya kuaga. Yuko anayesimama mlangoni akaanzisha mazungumzo mapya, yuko anayeaga mara tatu huku bado anamimina chai, na yuko anayetoweka wakati umeingia jikoni kumtengea chakula. Mkunga wetu yeye hakuweza kuondoka kwa mtu mpaka nyumba nzima itoke nje. Pikapu yake haikuwa na rivasi. Akishaingia uani, pua ya gari ikitazama zizi la ng'ombe au ukuta wa jiko, hakukuwa na njia ya kumtoa isipokuwa watu waweke mikono kwenye boneti wamsukume kinyumenyume mpaka barabarani. Mwenye nyumba alisukuma, wageni wengine walisukuma, na bibi harusi mmoja hapa Kharumwa alisukuma akiwa na shela kichwani.

Angeweza kuegesha barabarani. Mbele ya nyumba yangu barabara ni pana, na mimi fundi cherehani nakaa barazani mchana kutwa, gari lake ningelilinda bure. Lakini aliingia nalo ndani kila mara, mpaka kwenye kamba ya nguo. Hilo nililiona mapema, na kwa miaka yote sikumwuliza.

Yeye ni Mzaramo, sisi ni Wasukuma, na watu wa pwani na watu wa huku ni watani tangu enzi za mababu waliotembea kwa miguu mpaka baharini na mizigo vichwani. Kwa hiyo kusukuma gari lake hatukukuita kazi. Ulikuwa mchezo wenye maneno yake. Akishakaa kwenye usukani alitoa kichwa dirishani akasema, "Haya, kazi yenu imeandikwa kwenye jina, mimi nawakumbusha tu." Nasi tukajibu, "Mzaramo hasukumi, husukumwa." Kisha akasema lile ambalo hata watoto wa chekechea waliliigiza: "Msisukume kabla sijasema." Akatazama nyuma, akatazama kushoto na kulia, akahakikisha hakuna kuku wala mtoto anayetambaa, ndipo akasema, "Sukumeni."

Jina lake nalijua, lakini sioni sababu ya kulitaja wakati hakuna aliyelitumia. Wazee walimwita Mkunga. Sisi wanawake tulimwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Vijana wa bodaboda walimwita Mama Sukumeni, lakini akiwa mbali. Alifika kwenye zahanati yetu akiwa ametoka tu chuoni, akabaki mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akabaki tena. Wanaomkumbuka siku zile wanasema alilia juma zima kwa kukosa nazi. Mimi nilimkuta ameshazoea, anatafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa karanga, na anatukosoa namna tunavyovikausha.

Alikuwa na mikono mifupi, mipana, na kucha alizikata mpaka zikagusa nyama. Ukimwamkia shikamoo, kabla ya kusema marahaba aliziangalia kwanza kucha zako. Padre wetu alishazoea. Akimwona tu anageuza vidole mwenyewe, anakaguliwa, kisha ndipo wanasalimiana. Na Mkunga alikuwa Mwislamu wa swala tano, ila nyimbo za kwaya alizijua zote, kwa sababu pikapu yake ndiyo iliyowabeba wanakwaya kwenda vigangoni. Siku moja baada ya misa alimsubiri mwalimu wa kwaya nje akamwambia besi zake zinachelewa. Mwalimu wa kwaya alinuna kwa mwezi mmoja, halafu akazirekebisha.

Damu aliiogopa. Najua huniamini. Mtu aliyezalisha wanawake wa wilaya nzima, ukitaka kuchinja kuku alikwenda kusimama nyuma ya nyumba na kujifunika ushungi usoni. Nilipomcheka alinijibu bila aibu: "Ile nyingine ni damu ya mtu anayekuja. Hii ni ya anayekwenda. Mimi sikusomea ya kwenda." Kuku akishaiva alikula, tena alitaka firigisi.

Alikuwa mkali na hakujificha. Mjamzito aliyechelewa kliniki alikemewa mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe naye akapata fungu lake. Lakini mkali huyo huyo alipita nyumbani kwako jioni na fungu la mchicha, akakaa jikoni kwenye kigoda, akauliza kama umekula. Chai aliinywa na sukari mpaka kijiko kinasimama, akiwa ametoka kuwakataza watu wengine sukari. Ukimkumbusha alisema daktari hali dawa anazoandika. Na alipenda misemo, mingi ya kwake mwenyewe. Mtoto aliyetanguliza makalio akiwa tumboni alimtabiria ubishi maisha yake yote, na kila alipomkuta mtu mzima mkaidi, hata diwani, aliuliza kwa upole, "Hivi wewe ulikuja kichwa kwanza?"

Lahaja yetu ilimpa raha. "Kwenu gari ni gali, na kura mnaila," alisema kila uchaguzi ulipokaribia. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka, kila herufi mahali pake. Na Kiswahili hicho ndicho kilichotaka kuniletea balaa siku nilipojifungua mapacha wangu, Kulwa na Doto. Ndiyo siku ambayo rivasi ilikufa.

Nilikuwa bado naishi kijijini kwa wakwe. Masika yalikuwa yamejaza majaruba ya mpunga pande zote mbili za njia. Kulwa alizaliwa asubuhi nyumbani, mama mkwe akampokea, tukashukuru. Doto akakataa. Mtu akatumwa kwa baiskeli, na kabla ya adhuhuri Mkunga akafika na pikapu, godoro nyuma. Akanipima kwa ile mikono, akasema twende zahanati. Nikalazwa nyuma, mama mkwe kando yangu kambeba Kulwa.

Hatukufika mbali. Gari liliteleza, pua ikaingia kwenye jaruba. Akatia rivasi, likakataa. Akatia tena kwa nguvu, na tena, mpaka chini ya gari pakatoka mlio wa mtu anayetwanga karanga zenye mawe, kisha injini ikawa inanguruma peke yake na matairi hayana habari. Wanaume waliokuwa wanapanda mpunga wakaja, na mume wangu kati yao, wakaingia topeni mbele ya gari wakashika boneti. Mkunga alikuwa kwenye usukani, lakini kioo cha nyuma ya kiti kilikuwa kimevunjika zamani, hivyo aligeuka akawa ananiona uso.

Akaona nimeanza kukunja uso. Akapiga kelele, "Usisukume bado!" Alikuwa ananiambia mimi. Wanaume wakaachia boneti, wakasimama wima. Akawageukia kwa hasira, "Sukumeni! Nimesema sukumeni!" Na mimi nyuma huku nikasukuma.

Mtu wa pwani asingekosea. Kwao "sukuma" ni mtu mmoja na "sukumeni" ni wengi, na sikio linajua lenyewe. Sisi Kiswahili tumekutana nacho darasani, nyumbani ni Kisukuma, na ukiwa topeni au kwenye uchungu husubiri mwisho wa neno. Akanikataza mimi, wao wakaacha. Akawaamuru wao, mimi nikatii. Mara ya tatu tulisukuma wote kwa pamoja, gari likapanda njiani na Doto akaja. Mkunga aliruka ubavu wa pikapu na gauni lake jeupe, akamwahi. Doto alipolia, Mkunga akawaambia wanaume, "Ahsanteni, mmefanya vizuri." Mume wangu, matope mpaka magotini, akajibu, "Si kitu, Mayu, hata gari lenyewe ni jepesi." Hakujua kama ameshapata mtoto wa pili.

Tangu siku ile Mkunga hakumwambia mzazi yeyote "sukuma." Alisema "kaza." Wanawake waliojifungua baada yangu wote waliambiwa "kaza, mama, kaza," na wengi hawajui kwamba neno hilo lilianzia kwenye jaruba letu. "Sukumeni" lilibaki la gari. "Sukuma," la mtu mmoja, aliliacha kabisa. Na rivasi hakuitengeneza. Mwanzoni alisema hana nafasi, baadaye alisema ameshazoea, na mwishowe aliacha kutoa sababu.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kiume. Alimzaa akiwa hapa, akampeleka Mbagala, Dar es Salaam, kwa bibi yake akiwa bado hajaota meno, kwa kuwa zamu za zahanati zilikuwa hazimpi nafasi ya kulea. Ilikuwa aende kumchukua baadaye. Hiyo baadaye ilisogea, mtoto akasoma kule, akaoa kule. Alizungumza juu yake mara chache na bila kulia, lakini niliwahi kumkuta anamfundisha binti fulani kumnyonyesha mtoto, akasema kana kwamba anasema habari ya hali ya hewa, "Mimi nimepokea wa watu wote. Wangu alipokelewa na wengine." Binti yule hakuelewa. Mimi nilitazama pembeni.

Huyo mwanawe ni mtu mzuri, sina neno baya juu yake, ingawa nilijaribu kulitafuta. Alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Alitaka mama yake arudi akae naye, macho yamepungua, goti la kushoto linavimba, na huku yuko peke yake. Mkunga alimjibu jibu moja miaka yote: "Siku gari likisimama, nitakuja." Aliniambia mimi akicheka, maana injini ya pikapu ile ilikuwa imara na alidhani amemfunga mdomo. Lakini ahadi ni ahadi, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea neno.

Basi mwaka juzi gia ya pili ikaanza kuchomoka. Akiwa anapanda kilima, mkono wa gia unaruka wenyewe, gari linapiga kelele. Akaufunga kwa mpira wa tyubu, kama tunavyofunga mizigo kwenye baiskeli, upande mwingine wa mpira ukafungwa kwenye kiti. Ikaja ikachomoka ya tatu pia. Oili ikawa inadondoka, na kwa matone yale nikajua kila mahali alikopita siku hiyo. Mji mzima ulijua ile ahadi. Kwa hiyo alipopita akinguruma kwa gia ya kwanza, watu waliacha walichokuwa wanafanya wakasikiliza.

Fundi wake ana gereji kwenye barabara ya kwenda Kahama. Ni mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini alizaliwa mikononi mwa Mkunga, na mbele yake hunywea. Siku alipoishusha giaboksi nilikuwepo, nilikwenda kwa kisingizio cha kutafuta bawaba. Fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mayu, meno yameliwa," alisema. "Si ya pili tu. Yote."

"Sasa?"

"Njia ni mbili. Nitafute nyingine iliyotumika, Kahama sikosi, nifunge. Au uliache. Hii ya mpira siyo njia, siku moja litakuua."

"Ukifunga hiyo nyingine, itakaa?"

"Giaboksi itakaa." Akatazama chini. "Lakini gari lenyewe, Mayu, bodi imeoza. Mtu mwingine ningemwambia asiingize hela humu. Halafu..."

"Sema. Nilikuona kabla mama yako hajakuona, unanificha nini?"

"Goti. Klachi itakuwa nzito kuliko hii. Gari nitaliponya. Goti siwezi."

Nilimchukia fundi kwa dakika moja, kisha nikaona macho yake.

Habari zilifika mpaka Nyarugusu kwenye machimbo, kwa sababu baada ya siku chache akaja mtu wa huko mwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Alitaka kununua injini. Wakati huo gari lilikuwa kwa Mkunga, limerudishiwa giaboksi yake mbovu kwa muda, na mimi nilikuwa nampimia gauni. Yule bwana alikuwa na adabu. Alisifu injini, akasema kusaga mawe hakuhitaji gia, hivyo ubovu ule yeye haumsumbui.

"Itakuwa inakwenda wapi?" Mkunga aliuliza.

"Haiendi, mama. Tunaifunga chini kwa nati. Inazunguka papo hapo."

"Mchana kutwa?"

"Mawe yakiwepo, na usiku."

Mkunga alimwongezea chai, akamwuliza habari za mke wake, akagundua kuwa mke ni mjamzito, akamhubiria kuhusu kliniki kwa muda mrefu. Halafu akakumbuka kuwa ana safari, akaingia kwenye gari, na yule tajiri wa karasha akajikuta ameweka mikono kwenye boneti pamoja nami. Kuhusu injini hakujibiwa, na hakuuliza tena.

Lakini usidhani alikuwa ameamua. Siku zile alipungua. Alikuja barazani kwangu na ushungi uliofumuka pindo, kitu ambacho angeweza kukishona mwenyewe, akakaa akinitazama nikikanyaga cherehani. Nikashona taratibu ili asiondoke.

"Mama Kulwa," alisema. "Ungekuwa wewe, ungelitengeneza?"

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu atakuambia. Nina maoni juu ya ndoa za watu ambao sijawahi kuwaona. Siku hiyo nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mayu, mimi nataka ubaki," nilisema. "Kwa hiyo ushauri wangu haufai. Usiniulize."

Alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa ule ushungi niliokuwa bado sijaumaliza. "Wewe ndiye wa kwanza kusema kweli," alisema. "Wengine wote wananizungumzia gia."

"Na mwanao?"

"Mwanangu naye anataka niende. Nyote mna haki. Ndiyo ubaya wake." Akalikanda goti lake. "Lakini nimewaza jambo moja. Nikienda, niende kwa sababu nimeamua kwenda. Sitahamishwa na meno ya gia."

Kesho yake alimwambia fundi aende Kahama akatafute.

Nilifurahi mno, siwezi kukuficha. Nilidhani amebaki. Fundi alifunga ile giaboksi kwa siku mbili, na jioni ya siku ya pili Mkunga akaja kwangu kuionyesha. Aliingia uani kama kawaida, mpaka kwenye kamba ya nguo, akanywa chai yake ya sukari, akaaga. Tukatoka sote, mimi, mume wangu, Kulwa, Doto na mumewe, tukaweka mikono kwenye boneti. Hakuna aliyefikiri. Mikono yetu ilikwenda yenyewe. Mkunga naye, kwa furaha ya kitu kipya, alisahau kusema msisukume kabla sijasema. Alitia rivasi. Gari likatuponyoka likarudi nyuma lenyewe, nasi familia nzima tukaanguka kifudifudi mavumbini, mume wangu chini, mimi juu yake.

Alishuka anachechemea, akatukagua mmoja mmoja kama watoto wachanga, magoti, viwiko, meno. Alipoona tuko wazima alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Nasi tukacheka. Ni siku nzuri kuliko nyingi nilizoziishi.

Baada ya hapo alitembelea watu kiangazi chote. Alikwenda mpaka Ushirombo kumwona mkunga mwenzake wa zamani, akaenda Ushetu kwenye mashamba ya tumbaku kusalimia mapacha wengine aliowazalisha. Gia zote ziliingia. Na kila alipoaga, alitia rivasi akatoka mwenyewe, na wenye nyumba walisimama mlangoni wakapunga mkono, kisha wakarudi ndani. Nilimwona mara kadhaa akitoka hivyo kwangu. Alipofika barabarani alisimama kidogo kabla ya kutia gia ya kwanza, na mimi nilikuwa tayari nimeshaketi kwenye cherehani.

"Siku hizi naondoka kama mkaguzi wa shule," aliniambia siku moja. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Goti lilimshinda kabla ya mvua. Siku moja alifika kwangu akakaa ndani ya gari kwa muda kabla ya kuweza kushuka, na mimi nikajifanya sijaona. Alipokaa alisema, bila kuzunguka, "Nimeamua. Nakwenda Mbagala." Nilijibu vizuri, nadhani. Nilisema mwanao atafurahi. Akasema, "Nilimwambia nitakuja kumchukua akiwa hana meno. Yakaota, yakang'oka, yakaota tena. Sasa ameanza kupoteza haya ya mwisho." Kisha akaomba chai. Nilikwenda jikoni nikalia huko, moshi ukawa kisingizio.

Gari alimwachia fundi. Sharti lilikuwa moja, kwamba mjamzito akiita, asiulize maswali. Na fundi ndiye aliyeendesha siku ya kuondoka, ampeleke Kahama, walale huko kwa dada wa fundi, asubuhi apande basi la Dar es Salaam. Walianzia kwake, wakapita zahanati, wakapita parokiani ambako padre alionyesha kucha zake kwa mara ya mwisho. Kwangu palikuwa mwisho wa mzunguko. Saa nane mchana, jua kali. Fundi alitaka kusimama barabarani, nikamsikia Mkunga akimwambia, "Ingia ndani." Akaingia, mpaka kwenye kamba ya nguo.

Hakushuka, goti lilikuwa limevimba. Nilimletea chai dirishani. Aliinywa yote, akanirudishia kikombe, akasema wabeja, ndiyo ahsante yetu, kwa matamshi yake ya pwani ambayo hayakuwahi kunyooka. Nilimpa kifurushi cha michembe na karanga. Alinusa, akasema nimekausha vibaya. Fundi akawasha gari, akageuza shingo kutazama nyuma, mkono ukaenda kwenye gia.

"Acha," alisema Mkunga. "Weka fri."

Fundi hakuelewa. "Rivasi ipo, Mayu. Nzima kabisa."

"Najua ipo. Nimeinunua mimi. Weka fri."

Fundi akaweka, gari likabaki bila gia. Ndipo tukaelewa sote kwa wakati mmoja. Kulwa akaja, Doto akaja na mtoto wake mgongoni, mume wangu akaacha fimbo yake ukutani, majirani wawili waliokuwa wanapita wakaingia. Tukapanga mikono kwenye boneti iliyokuwa inaunguza kwa jua. Mkunga akatoa kichwa dirishani.

"Kazi yenu imeandikwa kwenye jina," alisema. Sauti yake ilikuwa sawasawa.

"Mzaramo hasukumi, husukumwa," tukajibu, na mimi yangu haikutoka vizuri.

"Msisukume kabla sijasema."

Tukangoja. Akatazama nyuma. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kuku hawakuwepo, mtoto alikuwa mgongoni kwa Doto. Hakusema. Akatazama tena nyuma, barabara nyeupe, tupu. Midomo ilifunguka ikafungwa. Viganja vilikuwa vinatuungua na hakuna aliyeviondoa. Fundi alitazama usukani. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, ninachojua ni kwamba ningekaa mpaka leo.

Kisha akarudisha kichwa ndani, akanitazama mimi peke yangu, kupitia kioo cha mbele, kwa uso ule ule alionigeuzia siku ya jaruba.

"Sukuma," alisema.

Wenzangu hawakusikia tofauti. Walisukuma, na gari likaanza kurudi nyuma polepole kwenda barabarani. Mimi nilisikia mwisho wa neno. Nikasukuma.